Obdulia wa Spika na Vijana wa Kaskazini

Kila alfajiri, majogoo wakiwa bado hawajakubaliana nani aanze, spika mbili zilizo juu ya paa la Obdulia Carranco hukoroma kidogo, hukohoa, kisha sauti yake humwagika juu ya kijiji kizima cha El Tepozán.

"Habari za kaasubuhi, majirani. Kwa Delfina, karibu na birika la maji, kuna kauji ka mahindi kamoto, kazito, ka mdalasini. Kwa kina Ledezma wamechinja. Nyama itatoka sufuriani saa sita. Na mwenye punda wa kijivu, sikio moja limekatika, punda wako amelala mlangoni kwa padri. Padri anasema amechoka kumruka."

Halafu kimya. Mwezi wa Desemba, katika vilima hivyo vya Zacatecas, ukungu hauna haraka ya kuondoka. Hukaa chini kati ya mipungate na kuta za mawe, na sauti ikipita ndani yake hupoteza mahali pake. Anayekamua ng'ombe huisikia ikitoka kwenye ndoo. Anayekanda unga huisikia ikitoka kwenye unga. Wapo wanaosema kwamba tangazo la kwanza la siku huwa wanaliota kwanza, ndipo wanalisikia.

Spika hizo Obdulia alizirithi kwa mama yake. Zamani simu ilikuwa moja kijiji kizima, nayo ilikaa sebuleni mwao juu ya kitambaa cha kufuma. Wanaume walikuwa kaskazini, Marekani, wakivuna na kujenga na kuosha vyombo, na Jumapili walipiga simu kwa zamu. Mama yake alibonyeza kitufe akaita, "Mke wa fulani, mumeo yuko kwenye waya, kimbia," na wanawake walishuka vichochoroni mikono imejaa unga. Siku hizi kila mtu ana simu mfukoni. Lakini kwa mambo ya nyama, punda, maji na msiba, El Tepozán bado inasubiri spika. Kitu kikitangazwa, mtangazaji hupelekewa bakuli la kitu hicho. Msiba hautozwi.

Obdulia alikuwa amevuka hamsini. Mumewe Ramiro alikufa mapema, na hawakujaaliwa watoto. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne na mtu mmoja, ila upweke haukupata pa kukaa, maana kutwa watu walipita: huyu ana jibini, yule kaangusha ufunguo, mwingine hana tangazo lolote, amekuja kuuliza lile la jana lilikuwa la nani. Zile spika zikiondoka zingebaki kuta na mtungi wa maji. Hilo alilijua vizuri, na hakuwahi kulisema mbele ya mtu.

Mwezi wa Novemba, Evodio Luévano, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, alikuja akaketi ukingoni mwa kiti, kofia imewekwa juu ya goti. Evodio akiketi hivyo, ana jambo.

"Bi Obdulia, mwaka huu wanakuja wengi kutoka kaskazini."

"Waje. Nyumba zao zimewangoja."

"Wanakuja watoto wao pia. Na watoto hawasikii."

"Hawasikii kwa masikio au kwa ukaidi?"

"Kihispania, Bi Obdulia. Wazazi wao wanakisema, wao wanakiitikia kwa Kiingereza. Mwaka jana ulitangaza maandamano ya sherehe mpaka koo likakukauka, wao wamekaa juu ya ukuta wanatafuna miwa kana kwamba ni redio ya jirani. Tukaandamana wazee watupu. Siku ya Watoto Walio Mbali, na watoto hawamo. Padri alihubiria magongo."

Obdulia alicheka. Evodio hakucheka, ndipo akajua kwamba jambo lenyewe bado halijafika. Lilikuwa hili: mpwa wa Evodio, Yair, alikuwa na gari lenye spika kubwa, na simu inayosoma kwa Kiingereza chochote kinachoandikwa, kwa sauti ya mwanamke.

"Mwanamke gani?" aliuliza Obdulia.

"Hakuna mwanamke. Ni simu."

"Basi anayesema ni nani?"

Evodio aliigeuza kofia yake. Kamati imeona, alisema, kijiji kimoja hakiwezi kuwa na sauti mbili, watu watachanganyikiwa. Gari litasema Kihispania, litasema Kiingereza, litapita hata kule juu ambako spika zake hazifiki vizuri. Kuanzia sherehe hizo matangazo yote yatakuwa ya gari. "Na wewe upumzike. Umetutumikia."

"Nikichoka nitakuambia, Evodio."

"Si suala la kuchoka."

"Ni la Kiingereza. Basi nitajifunza."

Hapo Evodio alicheka, si kwa ubaya. "Umri wetu huu, Bi Obdulia, hata jina la mkwe linatutoka." Lakini alikuwa mtu wa haki. Wakakubaliana: mkesha wa sherehe atakuja kumsikiliza. Akiweza kutangaza maandamano kwa Kiingereza kikaeleweka, spika zitabaki kuwa sauti ya El Tepozán. Asipoweza, ni gari.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa shemeji yake Wilibaldo, mdogo wa marehemu Ramiro, aliyerudi baada ya kumaliza ujana wake wote akiezeka mapaa huko Texas. Alikuja na ngazi kurekebisha waya wa spika, na Obdulia akapanda nyuma yake mpaka nusu ya ngazi, akasimama hapo, kidevu usawa wa vigae.

"Shemeji, nifundishe."

"Nikufundishe nini mke wa kaka yangu ambacho hukijui?"

"Acha upuuzi. Kiingereza."

Wilibaldo akashika msumari mdomoni, akafikiri, kisha akautoa. Akayasema aliyokuwa nayo: panda. Shuka. Shika hapa. Leta lami. Usianguke. Tena. Haraka, haraka. Obdulia akayarudia yote huku ameng'ang'ania ngazi, na njiwa wakaruka.

"Lakini hizo zote ni amri, shemeji."

"Ndicho Kiingereza chenyewe."

"Hujui kusema 'nilipanda'?"

"Ningemwambia nani? Bosi alikuwa ananiona niko juu."

"Na 'nitapanda'?"

"Kesho naijua. Kesho ni saa kumi na mbili asubuhi, ukichelewa usije."

Miaka yote hiyo, alisema Wilibaldo akipigilia msumari, hakuna mtu kule aliyemuuliza habari za jana. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida. Obdulia aliteremka ngazi akafikiria mtu anayeishi miaka na miaka ndani ya lugha ambayo haina jana, juu ya paa la mtu mwingine, jua linampiga mgongoni. Ramiro hakuwahi kumsimulia hilo kuhusu mdogo wake. Labda hata yeye hakuambiwa.

Hiyo jana, basi, aliitafuta mjini siku ya soko. Akapata kitabu chembamba chenye picha ya nyumba iliyokatwa katikati, mishale ikielekea kila kitu: kijiko, pazia, sinki, ngazi, mto wa kulalia. Kurasa za nyuma zilikuwa na vitenzi vimepangwa safu tatu. Katikati ilikaa familia moja yenye meno meupe. Baba anakwenda kazini. Jana baba alikwenda kazini. Kesho baba atakwenda kazini. Mama anapika, alipika, atapika.

"Hawa hawagombani?" aliuliza Delfina wa uji, aliyekuja na tangazo lake.

"Bado sijafika ukurasa huo."

Alijifunza majina ya vitu kwa kuvigusa. Asubuhi alipita nyumbani mwake kama mtu anayewasalimu wageni waliolala: dirisha, kiti, ufagio, chumvi. Vitu vilivyokuwa naye tangu utotoni vilipokea jina la pili bila kulalamika, isipokuwa mtungi, ambao ulikataa, kwa kuwa kitabu kilionyesha bomba tu. Akauacha na jina lake moja.

Mambo mengine yalimpa mawazo mchana kutwa. Sisi tukishikwa na njaa tunasema tuna njaa, kama mtu awavyo na mgeni ambaye baadaye ataondoka. Watu wa kaskazini hawana njaa. Wao wanakuwa wenye njaa, mwili mzima, na kwa baridi na kwa umri ni hivyo hivyo. Tena kitenzi chao hakitembei peke yake, lazima kitanguliwe na mtu. Hata mvua wanaitafutia wa kuinyesha. Obdulia alitazama mbingu ya Desemba isiyo na tone, akajaribu kumwona huyo.

Lakini kilichomkaa moyoni zaidi ni zile safu tatu. Kitenzi cha kwenda kilikuwa na sura tatu, na ya pili haikufanana na ya kwanza hata kwa nyusi. Saa za mchana, baada ya kula, kijiji kizima kikifunga milango na mbwa wakihamia kivulini, alilala chali na kitabu kifuani, na vitenzi vikaja katikati ya usingizi na kuamka. Zile sura tatu aliziona kama wanawake watatu. Wa kwanza alisimama mlangoni, mkono juu ya komeo. Wa pili alikuwa ameondoka siku fulani, habari yake imekwisha, mtu anaweza kuisimulia. Wa tatu pia hakuwepo, ila kutokuwepo kwake kulikuwa bado ndani ya nyumba, kumekaa kwenye kiti, kunangoja kuulizwa habari. Obdulia alijua kwamba El Tepozán ilijaa wanawake wa namna ya tatu. Milango yote ya buluu yenye kufuli upande wa juu wa barabara ilikuwa yao. Alitaka kuwauliza jina lao, lakini kila mara mtu alibisha hodi akiwa na jibini.

Kesho nazo zilikuwa mbili, moja ya aliyekwisha kukusudia na moja ya anayeahidi papo hapo. Alizichanganya tangu mwanzo mpaka mwisho na hazikumlaumu.

Tatizo lilikuwa upole. El Tepozán hatutaji kitu bila kukifanya kidogo, na si kwa dharau. Kusema "uji" peke yake ni kumwita mtu bila kumsalimu. Lazima uwe kauji, kamoto, kwa Delfina, hapo karibu. Obdulia alitafuta Kiingereza kinafanyaje, akapata neno moja la udogo, akaliweka mbele ya kila kitu: asubuhi ndogo, uji mdogo, moto mdogo, maandamano madogo.

"Shemeji, watadhani kila kitu kimepungua," alisema Wilibaldo.

"Basi waje kabla hakijaisha."

"Na hiyo 'r' yako? Unaivuta kama pikipiki ya Evodio."

"Wewe ulikuwa unaitamkaje?"

"Mimi nilikuwa natikisa kichwa."

Walicheka mpaka Wilibaldo akalazimika kuketi kwenye ndoo. Jioni zile alikuwa anakaa muda mrefu kuliko waya ulivyohitaji, na siku moja, bila kuombwa, alimwambia Obdulia kwa Kiingereza kwamba alipanda. Alilisema taratibu, akitazama paa. Nilipanda. Nilipanda mapaa mengi. Kisha akakusanya vyombo vyake akaenda.

Mkesha wa sherehe Evodio alikuja na mpwa wake Yair. Magari yenye namba za Texas na Illinois yalikuwa yamejaa hadi kwenye birika, na milango ya buluu ilikuwa wazi, magodoro yameanikwa kuta nzima. Obdulia alikuwa amevaa shali yake nzuri. Tangazo alikuwa nalo kichwani, kila kitenzi mahali pake.

Yair aliweka simu yake mezani, karibu na kile kitambaa cha kufuma. "Sema hapa, shangazi. Yenyewe itaandika inachosikia. Ikielewa, imetosha."

"Nilidhani atanisikiliza mtu."

"Hii haina upendeleo," alisema Evodio.

Obdulia akasimama wima akasema: Vijana, maandamano yanaondoka saa tano kwenye lango, njooni na maua. Alisema vizuri. Alijisikia mwenyewe kwamba amesema vizuri, neno moja likilipokea jingine kama mikono inayoshusha mzigo kwenye lori.

Yair akasoma, akakuna sikio. "Imeandika: mlango unatembea, saa tano, leteni unga."

"Rudia, Bi Obdulia," alisema Evodio.

Akarudia, polepole zaidi. Safari hii simu iliandika habari za mbuzi na benki. Mara ya tatu haikuandika chochote. Duara dogo lilizunguka, likazunguka, likazimika. Yair alikuwa anauma mdomo asicheke. Evodio hakuwa na kicheko chochote, na hilo ndilo lililouma.

"Kesho pumzika," alisema, akivaa kofia. "Njoo uandamane nasi. Nitakuwekea mahali mbele, pamoja na padri."

Walipotoka, Obdulia alikaa mezani. Hakulia. Alitazama kisahani cha chumvi, na jina lake la kaskazini likamjia lenyewe, kisha la kijiko, kisha la pazia, moja baada ya jingine, kama watu wanaokuja kutoa pole.

Asubuhi ya Siku ya Watoto Walio Mbali kijiji kiliamshwa na gari. Lilipita likisema Kihispania safi, kisha Kiingereza safi, sauti moja isiyo na usingizi wala kikohozi. Delfina alisema baadaye kwamba tangazo la uji wake lilitajwa bila kosa hata moja, na kwamba hakuna aliyekuja.

Obdulia alipanda kwenye paa kuanika nguo. Ukungu ulikuwa umejivuta mpaka bondeni, na kijiji kilikuwa kimebaki juu yake kama kitu kilichosahauliwa mezani. Kutoka pale aliona kila kitu. Kwenye lango la kijiji walisimama wazee wamevaa nguo za sherehe, maua mikononi, wapiga tarumbeta wamekaa juu ya masanduku ya ala zao. Padri alikuwa akitazama jua. Na vijana walikuwa kila mahali isipokuwa langoni: juu ya ukuta wa birika, migongoni mwa farasi wa kukodi, chini ya mti wa mpilipili ambapo mpira ulipigwa, ukaokotwa, ukapigwa tena.

Gari la Yair likawapita polepole. Vijana, maandamano yanaondoka saa tano. Tafadhali elekeeni langoni. Hakuna kichwa kilichoinuka. Kijana mmoja alisogeza mguu ili gari lipite, hivyo tu. Obdulia alielewa kwamba hawakuwa wakaidi. Sauti ile walikuwa nayo kutwa. Iliwaambia wageuze kulia, iliwaambia betri imepungua, iliwasomea hali ya hewa. Ilikuwa imewazoea na wao walikuwa wameizoea, kama mtu alivyozoea friji kunguruma.

Saa tano ikapita. Langoni bibi mmoja aliletewa kiti. Mwingine akaketi juu ya jiwe, akayalaza maua yake mapajani.

Obdulia akashuka kutoka paani. Hakuna aliyekuwa amekata waya. Evodio alikuwa amemwomba, hakumkataza. Akabonyeza kitufe. Spika zikakoroma, zikakohoa. Akafungua kinywa alitoe lile tangazo, akakuta halipo. Safu zote tatu zilikuwa zimeondoka. Yalibaki maneno yaliyotawanyika tu, jikoni, paani, sokoni, akayaokota jinsi yalivyokuja.

"Nyinyi watoto," alisema kwa Kiingereza chake. "Nyinyi wote, vidogo vyangu. Kuja. Bibi yenu simama tangu asubuhi ndogo, mguu yake iko na maumivu. Maua imechoka. Kuja sasa, tembea kidogo, halafu kula. Nani hana sweta, vaa sweta, iko baridi. Mimi hapana sema mara mbili."

Halafu akasema mara mbili.

Mpira ulisikika ukidunda mara moja, ukaachwa udunde peke yake. Kupitia dirisha aliona wa kwanza akisimama katikati ya kichochoro, kijana mrefu mwenye kofia ya timu fulani, shingo imegeuka juu kutafuta. Kisha msichana akashuka ukutani. Wakashuka wengine. Walitembea kama watu walioitwa kutoka chumba cha pili, wakiwa hawajaamua kama wataitikia, miguu ikitangulia. Baadhi yao walikuwa wanavaa sweta zao.

Hawakwenda langoni. Sauti haikutoka langoni. Walikuja kwake, wakajaa mbele ya dirisha.

Aliyesema ni yule msichana wa ukutani. Aliitwa Yareli, na alikuja kwa gari na mjomba wake kutoka Fort Worth, Texas. Aliongea Kiingereza, na Obdulia aliinamisha kichwa ili kila neno limfikie.

"Nani alikuwa anaongea?"

"Mimi."

"Wewe tu? Hakuna mwingine ndani?"

"Mimi tu. Mbaya, eh? Simu haikuelewa mimi."

Yareli alitikisa kichwa. Alitazama ndani, kwenye meza, kwenye mtungi, kwenye maikrofoni, kana kwamba anahesabu ni wapi mtu angeweza kujificha. "Ndivyo anavyoongea mama," alisema. "Hivyo hivyo. Nilidhani..." Kijana mwenye kofia, nyuma yake, alisema na yeye pia, na mama yake ni vivyo hivyo, hata ile ya sweta.

"Mama yuko wapi? Gari?"

"Yuko nyumbani, Fort Worth. Hawezi kuja. Akitoka hawamruhusu kurudi ndani."

Obdulia alijua. Kila nyumba ya El Tepozán ilijua: watoto wamezaliwa kule, wana karatasi zao, wanaingia na kutoka kama njiwa, mama zao walivuka kwa miguu jangwani, na tangu siku hiyo mlango kwao ni wa upande mmoja. Lakini hakuwa amewahi kuwaona hivi, wakiwa wamesimama pamoja dirishani pake, wamekuja kijijini kwa mama zao bila mama zao.

Tarumbeta zilisikika zikikaribia, nje ya mpangilio. Evodio alikuwa ameona vijana wanaelekea wapi, akageuza maandamano yote yawafuate. Alifika mbele akitokwa na jasho, kofia mkononi, wazee nyuma yake, padri, mabango, na gari la Yair mwishoni kabisa likiendelea kuwaelekeza watu langoni.

"Bi Obdulia. Nilikuomba upumzike."

"Nimepumzika mpaka saa tano na nusu."

Evodio aliwatazama vijana. Aliwahesabu kwa macho, akakata tamaa ya kuwahesabu. Bibi aliyekuwa amekaa juu ya jiwe alikwisha kumshika mkono mmoja wao na kumpa maua yake ambebee. Evodio akageuka, akapaza sauti juu ya vichwa vya watu. "Yair. Zima."

"Nizime nini, mjomba?"

"Gari, spika, huyo mwanamke. Zima vyote."

Kimya kikaja, kile cha baada ya friji. Siku hiyo ina desturi yake: maandamano yakipita, mtangazaji huziita familia zilizorudi, kila moja na mji ilikotoka, na zikiitwa zinapigiwa makofi. Evodio aliinamia dirishani. "Majina unayajua kuliko mimi. Anza."

"Kwa lugha gani?"

"Zote ulizo nazo."

Yareli alikuwa bado ameshika ukingo wa dirisha. Aliuliza kama jina la mama yake linaweza kutajwa pia.

Obdulia alimweleza Evodio alichoulizwa. Hilo halikuwa na desturi. Wanaotajwa ni waliofika. Evodio alitazama ndani ya kofia yake kwa muda, kisha akaivaa.

"Taja," alisema.

"Mama anaitwa nani?" aliuliza Obdulia kwa Kiingereza. "Na sasa hivi anafanya nini?"

"Maricruz Ledezma. Yuko kazini. Anakunja mashuka, hotelini."

Obdulia akabonyeza kitufe. Alisema kwa Kihispania, akasema kwa Kiingereza, na juu ya mapaa yote, mpaka kwenye ukungu wa bondeni, ikasikika kwamba Maricruz Ledezma, wa Fort Worth, sasa hivi anakunja mashuka madogo meupe. Watu hawakujua kama wapige makofi. Mtu mmoja akaanza, Wilibaldo huenda, na wengine wakamfuata.

Kijana mwenye kofia akasogea mahali pa Yareli. Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kujipanga yenyewe kando ya ukuta. Alitaja jina la mama yake karibu kwa kunong'ona, na mji wa Aurora, Illinois.

"Anafanya nini sasa?" aliuliza Obdulia.

"Leo hafanyi kitu. Anafanya kazi usiku. Amelala."

"Basi huyo tutamtaja polepole," alisema Obdulia, akaipunguza sauti, akasogeza mdomo karibu na maikrofoni.